Hela ya pembeni kwa mtu wa kipato kidogo: mi nilianza kwa kuhesabu saa

Mshahara wangu ulikuwa unakata tarehe 17 au 18, mwezi ukiwa mzuri sana unasogea mpaka 20, kuanzia hapo ni kukopa, ni kuomba nisubiriwe, ni kuiangalia simu inaita mpaka inyamaze yenyewe. Na sio kwamba nilikuwa natapanya. Nilikaa na daftari miezi miwili mizima nikaandika kila hela iliyotoka, nikapitia mstari kwa mstari natafuta pa kupunguza, nikapata sehemu mbili tu na zote ndogo. Naanza na hili kwasababu mtu wa kipato kidogo akilalamika kitu cha kwanza anachoambiwa ni bana matumizi, sasa ukishabana mpaka imebaki kodi, nauli, chakula na dawa unabana nini tena? Hapo hakuna jinsi, lazima kinachoingia kiongezeke.

Tatizo ni kwamba ukianza kutafuta namna ya kuongeza unakutana na ushauri wa watu wenye mtaji. Nunua hiki, wekeza kule, fungua duka, anza ufugaji. Mtu ambaye tarehe 18 hana hela ya nauli anawekeza nini jamani. Kwahiyo naandika kwa huyo, mwenye kazi ya mshahara mdogo au vibarua, hana akiba, hana wa kumkopesha, na akirudi nyumbani amechoka.

Nitaanza na niliyoyakosea maana yalinigharimu.

La kwanza, niliona tangazo la kazi ya kuingiza data ukiwa nyumbani, simu yako tu inatosha, malipo kila wiki. Nikaambiwa kuna ada ya usajili, nikatoa. Siku mbili baadae kuna ada ya mafunzo, nikatoa kidogo nyingine nikiahidi kumalizia. Alafu namba ikawa haipatikani na lile grupu nikaondolewa. Hela yote ilikuwa sawa na nauli yangu ya wiki mbili, nikatembea kwa miguu kwenda kazini zile wiki mbili na kwenye kutembea ndio nikapata muda wa kujiuliza swali ambalo ningejiuliza mwanzo: kama kazi ipo na wao wanahitaji mtu, kwanini mi ndio nawalipa wao? Tangu siku hiyo kazi yoyote inayotaka hela yangu kabla sijaingiza hata mia, siifuatilii, hata kama anayeniletea ni ndugu. Na ndugu wataleta kweli, maana hizi za leta watu nawe ulipwe zinapita humohumo kwa watu unaowaamini. Mwaka 1920 kule Boston, Marekani, jamaa mmoja Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45 tu, akidai ana biashara ya kuponi za posta za kimataifa, kumbe waliotangulia walikuwa wanalipwa kwa hela za waliofuata, na Agosti mwaka huohuo ikaanguka. Zaidi ya miaka mia imepita na ukiangalia ahadi zinazotumwa kwenye simu zetu ni ileile, kimebadilika kinachodaiwa kuuzwa tu. Piga hesabu mwenyewe, wakisema kila mtu alete watu 6, ikifika ngazi ya 13 wanatakiwa watu zaidi ya bilioni 13, na dunia nzima tuko bilioni 8 na kidogo. Yaani lazima ikwame, na ikikwama wanaoumia ni wa chini, ambao ndio wengi, ambao ndio mimi na wewe.

La pili halikuwa utapeli, lilikuwa biashara halali kabisa. Nilichukua vyombo vya plastiki kwa mali kauli, unauza kwanza ndio unapeleka hela, nikaona hapa sina cha kupoteza. Nikawauzia wafanyakazi wenzangu na wakachukua kweli, vyote viliisha ndani ya siku 4. Ila wakachukua kwa mkopo. Wenzangu wana mshahara kama wangu, unaisha tarehe kama yangu, mwisho wa mwezi ukifika na mimi ni mmoja tu kwenye foleni ya wanaowadai. Kukusanya ilinichukua karibu miezi mitatu, wawili mpaka leo hawajamaliza na tumekuwa hatusalimiani vizuri, na mwenye mali kila wiki anapiga. Nilipojumlisha nauli za kufuata mzigo na vocha za kukumbushia madeni, faida ilikuwa imebaki kama robo ya nilivyodhani. Mali kauli sio mbaya, ni njia nzuri tu ya kuanza bila mtaji, ila ukichukua mzigo kwa ahadi na wewe ukautoa kwa ahadi, umebeba ahadi za watu wote peke yako. Uza keshi au usiuze.

Baada ya hapo dada yangu mkubwa ndio akanikalisha. Akaniuliza, mdogo wangu, una saa ngapi? Nikadhani anauliza muda nikaangalia simu. Akasema hapana, kwa wiki, una saa ngapi zako? Sikuwa na jibu.

Tukachukua karatasi. Wiki ina saa 168. Kulala saa 7 kila siku, 49. Kazini saa 9 kwa siku 6, 54. Kwenda na kurudi saa 2 kila siku ya kazi, 12. Hapo ni 115, zimebaki 53, nikafurahi nikasema kumbe ninazo nyingi. Akasema ngoja. Kupika, kufua, kuchota maji, kuogesha watoto, kukaa nao kwenye homweki, kwenda kuona wagonjwa, ibada, na ule muda ambao umekaa tu unaangalia ukuta kwasababu mwili umekataa, huo nao uandike, ni muda wa kweli. Tulipomaliza zilibaki saa 7. Saba tu kwa wiki! Na sio saba za pamoja, ni moja na nusu Jumanne usiku, moja Alhamisi, nne na nusu Jumapili mchana.

Hiyo karatasi ilinisaidia kuliko ushauri wote niliowahi kusoma, kwasababu ghafla mambo mengi yalijifuta yenyewe. Kazi inayotaka uwepo kila siku asubuhi, imejifuta. Kuendesha bodaboda ya mtu jioni, kwa saa moja na nusu hesabu ya mwenye chombo haijafika, imejifuta. Na zile saa zikawa na thamani, maana ukijua una 7 tu huwezi kumpa mtu 3 za bure kisa kakusifia.

Nikaambiwa niandike na upande wa pili, nina nini tayari ndani ambacho sihitaji kununua. Nikaandika cherehani ya marehemu mama iliyokuwa imefunikwa na kitambaa juu yake kuna redio, pasi, najua kushona kawaida sio fundi wa kujitangaza, mwandiko mzuri, na watu kama 40 wa kazini wanaonifahamu kwamba siibi. Dada akasema hilo la mwisho ndio mtaji wenyewe, na saivi naona alisema kweli kabisa. Watu wengi tunadhani hatuna kitu kwasababu tunatafuta hela kwenye orodha. Wewe labda unajua kusuka, au kufundisha hesabu za darasa la tano, au kutengeneza taa iliyokata, au una baiskeli, au una subira na wazee, au unaamka mapema kuliko wote na unaweza kumpelekea mtu mtoto shule pamoja na wako. Kuna mwenzangu anachofanya ni kupiga pasi tu. Anachukua nguo za watu watano Jumamosi jioni anarudisha Jumapili, watu ni walewale kila wiki, hatafuti wateja na hajawahi kuweka tangazo popote.

Mi nikaanza na kurekebisha nguo. Sio kushona nguo mpya, kurekebisha. Kupunguza suruali, kubadilisha zipu, kubana kiuno, kurudishia vifungo. Hapa naomba niende polepole kwasababu ndio kiini cha nilichojifunza.

Miezi ya mwanzo nilikuwa nafurahi nikipata gauni la kushona. Gauni linalipa hela nyingi kwa mkupuo, unaishika unaiona. Mwezi wa tatu nikaanza kuandika dakika pembeni ya kila kazi, naweka simu pale nabonyeza saa nikianza na nikimaliza. Suruali moja kupunguza urefu ni dakika 25 ukijumlisha kupima, kukata, kupinda, kupiga pasi. Gauni moja lilinila saa 6 na nusu, maana kuna kupima, kukata, mteja aje ajaribu, aseme bega linabana, ulifumue, aje tena. Na gauni hilo lililipa sawa na suruali 4. Suruali 4 ni saa 1 na dakika 40. Nilikaa nayaangalia yale maandishi nikasikia mpaka uchungu, kwasababu nilikuwa nimewarudisha watu wenye suruali nikisema nina kazi kubwa. Nikaacha magauni kabisa, mtu akileta namwelekeza kwa fundi mwenye ofisi, na yule fundi nae ananiletea wenye suruali maana yeye zinampotezea muda.

Zipu ndio zimenifundisha zaidi. Mtu analeta koti au begi anasema zipu imekufa nibadilishie, inafunga alafu inaachia kwa nyuma. Mara nyingi haijafa. Angalia meno kama yapo yote na yamenyooka, kama yapo basi shida ni kile kichwa kinachotembea, kimepanuka kwa kutumika mpaka hakibani tena. Unachukua plaizi, unakibana taratibu upande mmoja wa nyuma alafu upande wa pili, kidogo sana, unajaribu, unabana tena kidogo. Ukitia nguvu kinapasuka na hapo umenunua zipu ya mtu. Dakika 5 kazi imeisha. Swali likawa, je nimwambie ukweli nimtoze kidogo au nikae kimya nitoze bei ya kubadilisha? Nilimwambia ukweli. Yule mama alirudi wiki iliyofuata na mabegi matatu ya shule ya wanae na majirani zake, na tangu hapo mabegi ya kwake yote yanapita kwangu. Mtu mwenye hela ndogo anajua thamani ya kuambiwa ukweli kwenye hela, na wateja wangu wote ni watu wa hela ndogo kama mimi.

Kosa nalo lipo la kusema. Kuna usiku nimetoka zamu mbili mfululizo nikasema suruali ya kesho lazima iishe, nikapima mguu mmoja nikakata, nikapima wa pili nikiwa nasinzia nikakata, asubuhi unaona kabisa mmoja umepanda. Nililipa ile suruali, ikala kazi zangu za wiki mbili. Sasa hivi nikishatoka zamu mbili sigusi mkasi, naweza kupiga pasi au kutoa nyuzi tu. Na jinzi mpya ya pamba namwambia mwenyewe aifue kwanza ndio alete, zinarudi ndani zikifuliwa mara ya kwanza, ukikata kabla atakuja kukulaumu na atakuwa na haki. Sindano nayo, jinzi natumia namba 16, vitambaa vya kawaida 14, vyepesi 11, mwanzo nilikuwa natumia moja kwa zote zikawa zinakatika hovyo, na sindano ni hela.

Sasa kwenye hesabu. Kila 100 inayoingia kwangu, 24 inaenda kwenye uzi, zipu na vifungo, 6 inaenda kwenye sindano, mafuta ya cherehani na umeme wa pasi, inabaki 70. Hiyo 70 nikiigawa kwa saa nilizokaa napata zaidi kidogo ya ninachopata kwa saa kazini. Hapo ndipo mtu anapotakiwa kuwa mkweli na nafsi yake, kwa kazi yoyote ya pembeni: toa nauli, toa bando, toa vifaa, toa uchakavu wa chombo, kinachobaki gawa kwa saa ZOTE, hata zile za kusubiri na kumfuata mteja. Wanaopeleka mizigo kwa pikipiki zao wengi wanahesabu mafuta peke yake, wanasahau tairi, oili, breki na kwamba pikipiki yenyewe inazeeka kila kilomita, alafu siku ya matengenezo inaonekana kama mkosi. Sio mkosi, ni gharama ya miezi iliyopita imekuja yote siku moja. Kama ikibaki chini ya nusu ya unacholipwa kazini kwa saa, na hakuna ujuzi unaojifunza pale, mi naona bora ulale.

Watu wananiuliza sana mambo ya mtandaoni. Hela ipo kule, sikatai, ila muda wake ni mrefu kuliko tunavyoambiwa. Chukua YouTube, kwa video za kawaida (zile fupi zina hesabu yake), ili uanze kugawana hela ya matangazo unatakiwa kuwa na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za video zako kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni kama video ya dakika 8 itazamwe mwanzo mpaka mwisho mara 30,000. Na ukishafika hapo ndio unaanza, sio ndio umetajirika. Kama una jambo unalipenda kulielezea fanya, lakini usiliweke kwenye bajeti ya kodi ya mwezi ujao. Kuandika, kutafsiri, kuchapa, kubuni matangazo kwa watu wa mbali nako kunalipa ila unaanza bila jina, unapigania kazi za mwanzo kwa bei ya chini mpaka watu wakusifie, kwahiyo inamfaa zaidi mwenye ujuzi tayari kuliko anayetaka kujifunzia humo. Mi nilichokitumia mtandao ni stetasi za WhatsApp tu, picha ya kabla na baada, mara mbili kwa wiki, watu walewale 40 wakawaambia wengine.

Na kubeti naomba nisikwepe, maana pale kazini ndio wengi wanaita kazi ya pembeni. Mwenye kampuni anapanga viwango vyake ili kwa ujumla abakiwe na kitu, ndio maana kampuni ipo, kwahiyo ukicheza muda mrefu hela inatembea kutoka kwako kwenda kule. Nimeona mtu nnayempenda akiweka ada ya mtoto. Sitasema zaidi.

Kuna kitu kingine ambacho hakionekani kama kipato ila ni kipato. Nilikuwa nadaiwa mkopo wa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Kwa mdomo 10 inaonekana ndogo. Ukikaa nao mwaka bila kulipa chochote na riba inazaa riba, 100 inakuwa kama 314. Ikiwa asilimia 20 kwa mwezi, ile 100 inakaribia 892, nilirudia hesabu mara tatu kwasababu sikuamini. Basi hela zote za suruali za miezi minne ya mwanzo sikununua kitu hata kimoja, zilienda pale, na siku nilipomaliza ikawa kama nimeongezewa mshahara kila mwezi bila kuongeza saa ya kazi. Kama una deni la hivyo, kazi ya pembeni ya kwanza ni hilo. Baada ya hapo ndio nikaanza kuweka ya dharura, lengo la kwanza likiwa nauli ya mwezi mmoja tu, ili tarehe 18 isinikute nakopa tena kwa watu walewale.

Mambo madogo ya kuangalia kabla hujaanza: soma mkataba wako wa kazi kama unaruhusu kazi nyingine. Uliza mapema habari ya kodi na leseni huko uliko, na kama unapokea msaada wowote wa serikali jua kwamba kuna nchi kipato kikiongezeka msaada unapungua, usije ukafanya kazi miezi sita kumbe unajazia shimo. Vifaa mteja atoe hela kabla, nusu au yote, usinunue zipu ya mtu kwa hela yako. Na bei iseme siku ya kwanza, ukimwambia "utanipa chochote" atakupa chochote kweli.

Saivi nafikia suruali 8 kwa wiki na zipu nne tano. Kuna mtu ananiuzia ovaloki iliyotumika, ile mashine ya kushona kingo za nguo zisifumuke, nzima kabisa nimeijaribu, na roho inaitaka. Bei yake ni kama kinachobaki kwangu miezi 5. Nimepima, ingeniokolea dakika 6 kwa kila suruali, suruali 8 ni dakika 48 kwa wiki, kwa mwezi saa 3 na kidogo. Zingekuwa suruali 20 ningeokoa saa 2 nzima kila wiki na ningeichukua hata kwa kulipa mara mbili. Kwa 8 bado. Nimempigia jana nikamwambia kaka akipata mteja auze, nikifika 20 nitamtafuta, akasema sawa, na Alhamisi ananiletea jaketi lake zipu inaachia.